Mtani Huja na Jembe

(Maneno haya niliyasema Mtwara mjini, mbele ya vijana wanaoandika na kuchora katuni, pamoja na wazee waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliotoka Mikindani na Naliendele, asanteni kwa kuja. Vijana, Mtwara kuchele!

Nimeitwa nizungumzie kazi ninayoifanya gazetini: kuwatazama watu, kuona kichekesho kilichomo kwenye tabia zao, na kukiandika. Vijana walioniita waliweka swali moja mwishoni mwa barua yao. Waliuliza: nani amekupa ruhusa? Nani humpa mtu haki ya kumcheka mwenzake mbele ya kadamnasi?

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kazi hii, na wahariri wangu hawajawahi kuniuliza. Jibu lake liko hapa hapa kusini. Haki hiyo anayo mtani. Na mtani huja na jembe.

Nyote mmeshakaa kwenye msiba ambao watani wamefika. Ndani kina mama wanalia. Nje wanaume wamekaa mikekani, wanaongea kwa sauti ya chini. Mara anatokeza mtu kavaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu. Anatembea kwa mwendo ule ule marehemu aliokuwa nao akipita mbele ya duka la Mangi siku anapodaiwa: haraka, uso upande wa pili, mkono sikioni kama anaongea na simu. Anakohoa kile kikohozi alichokuwa akikitoa kabla ya kuomba mkopo. Anamwinamia mzee wa kwanza: "Bwana, elfu kumi tu, nitakurudishia korosho zikiuzwa." Anamfuata wa pili kwa maneno yale yale. Waliokuwa wakilia wanacheka na machozi hayajakauka. Mjane naye anacheka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekijua kikohozi kile kuliko wote. Mtani mwingine anakwenda kulala njiani mbele ya jeneza: halipiti mpaka mtoe chochote.

Na hakuna wa kukasirika. Kijana wa mjini asiyejua mila akiinuka na hasira, wazee watamvuta shati akae: tulia, huyo mtani wetu.

Sasa mtazameni mtu huyo huyo saa mbili kabla. Alikuwa makaburini anachimba. Katika sehemu nyingi za nchi hii watani ndio hupewa kazi ambazo wafiwa wamezidiwa na uchungu wasiweze kuzifanya: kuchimba kaburi, kuchota maji, kukata kuni, kupokea wageni. Anaposimama kusema kwamba marehemu hakuwa mlipaji, anasema akiwa na udongo kwenye kucha. Maneno yake ndiyo yale yale ambayo angeyasema mgomvi wa marehemu. Kinachoyafanya yapokelewe ni ile kazi iliyotangulia.

Angalieni pia alichokichagua. Marehemu alikuwa na jicho bovu tangu utotoni; mtani hakuligusa. Watoto wake wawili walitangulia kufa, hakulitaja. Alichukua tabia, kitu ambacho marehemu alikifanya kwa hiari yake mwenyewe na angeweza kukiacha. Wapo watani wanaovuka mpaka huo, na wazee huwakemea pale pale.

Utani huu haukuzaliwa kwenye raha. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, wakauana kweli kweli. Leo ni watani. Mhehe na Mngoni wakikutana kwenye basi, kabla ya Makambako abiria wote wameshashika mbavu. Misafara ya biashara iliyoshuka kutoka bara hadi Kilwa nayo iliacha utani njiani, kwa sababu mgeni alihitaji mtu wa kumlisha, wa kumzika akifa, na wa kumwambia ukweli bila kuchomoa kisu. Mimi naamini hii ni moja ya kazi kubwa za akili zilizofanywa na watu wetu, kuchukua uadui na kuupa sheria mpaka ukawa kicheko chenye wajibu ndani yake. Inaniuma tunapoisimulia kama vituko vya msibani tu.

Hapa kusini tulikuwa na njia nyingine pia. Wamakonde wana mapiko: sura ya mti mwepesi iliyochongwa ikavishwa kichwani, mwili wote umefunikwa nguo, mchezaji hajulikani ni nani. Wachongaji hawakuishia kwenye mizimu na wazee. Walimchonga Mzungu na pua yake, wakamchonga askari. Bwana mkubwa aliyeogopwa mchana alichezwa uwanjani na watoto wakamcheka. Na pwani ngoma ya beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilileta vijana waliojipa vyeo vya ujenerali na ufalme, wakatembea kwa gwaride la mtawala, wakatungiana nyimbo za mafumbo. Hayo nayapita haraka. Nataka tu vijana mjue kwamba mnaposhika kalamu ya kejeli hamwigi kitu cha ugenini.

Twende Kilwa, maana pale pana kisa ambacho kimenifundisha kazi hii kuliko chochote.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Sultani wa wakati huo aliitwa al-Hasan bin Sulaiman, na watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alitoka msikitini baada ya swala, akakutana na fakiri kutoka Yemen. Fakiri akamwambia: nipe nguo ulizovaa. Sultani akasema nitakupa. Fakiri akasema: sasa hivi. Sultani akajibu: sasa hivi. Akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri akamkabidhi zile. Watu wakamsifu sana. Mtoto wa sultani akazichukua nguo zile kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyolishukuru tendo lake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Someni tena polepole. Fakiri aliomba wapi? Njiani, Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini. Alijua kwamba mbele ya macho mengi mkono wa mkubwa hufunguka upesi. Zawadi iliongezeka lini? Baada ya sifa kumfikia mtoaji. Hitaji la fakiri lilikuwa lile lile asubuhi na jioni. Kilichokua ni makofi. Sisemi kwamba sultani hakuwa mkarimu. Nasema ukarimu wake ulikuwa na masikio, na wa kwetu wengi unayo pia.

Kisha jambo linaloniwekea donge kooni kila ninapokisoma kisa hiki. Kilichotolewa ni watu ishirini. Walikuwa na mama zao, walikuwa na majina, pengine walikuwa wametokea huku huku nyuma ya pwani yetu. Mtoaji amesifiwa, mpokeaji amekumbukwa, msafiri ameandika. Wao hawakupewa hata neno moja. Karibu miaka mia saba tunasoma kisa kizuri cha ukarimu, na gharama yake imekaa katikati ya ukurasa, haina wa kuitazama.

Sultani huyo alipokufa alirithiwa na nduguye, Daud. Maskini akija kuomba, Daud alimjibu: aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, wakaondoka na kidogo sana, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni pake. Msomaji wa haraka atamcheka Daud kwa ubahili wake. Ni rahisi, na jibu lake kweli linachekesha. Lakini kama ningekuwa mtani wa nyumba ile ningevaa kanzu ya yule aliyesifiwa, nikatembea nayo uwanjani, na nyuma yangu ningewatembeza watu ishirini.

Hiyo ndiyo kazi, vijana. Kutazama pale ambapo kisa hakitazami.

Sultani huyu tunaye mpaka leo. Yuko kwenye harambee, anaahidi laki tano kipaza sauti kikiwa kinywani, na siku mhasibu anapopita kukusanya, simu yake haipatikani. Yuko wodini na katoni mbili za sabuni na watu kumi na wanane wa kupiga picha, na mama aliyejifungua usiku anaombwa ageuke uso uonekane vizuri. Yuko kwenye kamati ya harusi, ambako mtu anachanga fedha ambayo mwezi uliopita hakuwa nayo mpwa wake alipokosa ada. Harusi ina kadi yenye jina lako na meza yenye nafasi yako. Ada ya mpwa hulipwa kwa simu, gizani, na hakuna wa kupiga vigelegele. Ukitaka kujua mtu anaamini nini, tazama anachokifanya pasipo kipaza sauti.

Sasa nije kwenye korosho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa tunachekwa.

Kila bei inapokuwa nzuri inazuka hadithi ya mkulima wa Mtwara aliyemnunulia mbuzi wake soda. Nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia Dodoma, na kila msimulizi anamjua mtu anayemjua mtu aliyemwona huyo mbuzi. Msimu wa 2017/2018, minada ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, hadithi zilijaa kwenye simu: mwenye kununua godoro la kuku, mwenye kukodi teksi mbili, moja yake, nyingine ya kofia. Nchi nzima ikacheka.

Mimi nawauliza wachekaji: mnamcheka nani hapo? Mtu aliyepulizia salfa akifunika uso kwa kitambaa cha fulana. Mtu aliyeokota korosho moja moja mgongo umepinda, akazikausha, akazibeba hadi AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akasubiri mnada, kisha akasubiri malipo. Kwa mwaka mzima amehesabu sarafu. Siku moja anashika noti nyingi, anafanya jambo la furaha lisilo na hesabu. Kama alilifanya. Ofisa wa mjini naye akipata malimbikizo ya mshahara hununua televisheni pana kuliko ukuta, na hakuna anayemtungia hadithi.

Kisha jiulizeni ni nani hayumo kwenye hadithi ya mbuzi. Hayumo mnunuzi wa kangomba. Yule anayepita vijijini miezi ya njaa, kabla msimu haujafunguliwa, mtoto wa mtu anaumwa, debe la mahindi limekwisha, naye anatoa fedha kidogo kwa korosho ambazo bado ziko mtini. Anapima kwa bakuli lake, kwa bei yake. Msimu ukifunguliwa anapeleka mzigo ghalani kama mkulima. Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi, Serikali iliamua kununua kwa shilingi 3,300 na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Ukaja uhakiki: kila mwenye korosho nyingi aonyeshe shamba lake. Hapo ndipo ilipoonekana tabia ya watu. Wapo walioleta tani na kushindwa kusema mikorosho yao iko kijiji gani. Na uhakiki huo ulimchelewesha pia mkulima wa kweli, mwenye magunia manne, aliyesubiri fedha yake wiki baada ya wiki huku ada ya shule ikimngoja.

Mtu mwenye tani na asiye na mti hata mmoja: ni kichekesho kilichoiva chenyewe. Kwa nini hakikusambaa kama cha mbuzi? Kwa sababu kumcheka aliye chini hakugharimu kitu. Mwenye kangomba ana gari, ana wakili, huenda ni jirani yako, huenda ndiye aliyekukopesha wewe mwaka jana. Kicheko chetu mara nyingi hufuata mteremko, kinashuka kwa asiyeweza kujibu. Mimi nalichukia jambo hili. Nalichukia linapofanywa na watu wa mbali na zaidi linapofanywa na sisi wenyewe, Mtwara kwa Newala, mjini kwa kijijini, aliyemaliza shule kwa mama yake.

Na simu zimeurefusha mteremko huo. Mama anateleza kwenye matope ya soko, samaki wanatawanyika, na kabla hajainuka watu watatu wameshamrekodi. Jioni amechekwa na mikoa kumi. Hakuna hata mmoja kati ya wachekaji aliyeokota samaki. Tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na unyanyasaji wa mtandaoni umetajwa humo kuwa kosa, lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kuinama aokote samaki. Utani uliwafundisha babu zetu. Mkono ule ule unaomsifu mkubwa asubuhi, kwa uchawa, akitumaini hela ya vocha, ndio unaosambaza picha ya mama wa sokoni jioni. Chawa na mdhihaki ni mtu mmoja. Wote wawili hawana jembe.

Sasa niseme na waandishi wenyewe juu ya ufundi, maana huruma peke yake haiandiki.

Jonathan Swift, aliyezaliwa Dublin mwaka 1667, aliandika mwaka 1704 kwamba kejeli ni kioo ambamo watazamaji huona nyuso za watu wote isipokuwa za kwao. Wahenga wetu walishasema nyani haoni kundule. Ni kweli, na ni tatizo kubwa la kazi yetu. Ukiandika "watu wa siku hizi ni wanafiki", msomaji anatikisa kichwa kwa furaha: kweli kabisa, jirani yangu hasa! Ukiandika "viongozi wanapenda sifa", hata kiongozi mpenda sifa atakupigia simu akupongeze kwa ujasiri. Umechapisha, umesifiwa, na hakuna aliyeguswa.

Mtani wa msibani ameshalitatua tatizo hilo. Hasemi marehemu alikuwa na madeni. Anakohoa kikohozi. Kwa hiyo andikeni kikohozi. Andikeni mtu aliyezima simu siku ya mhasibu, anavyoigeuza kifudifudi mezani na kuendelea kunywa chai. Msomaji aliyewahi kuigeuza simu yake hivyo mkono wake utasita juu ya kikombe. Hapo hawezi tena kumsingizia jirani. Jambo likiwa dogo na la kweli kiasi hicho, halina mlango wa kutokea.

Na msiandike juu ya watu msiokaa nao. Nimewasikia vijana wanaotunga vichekesho vya wavuvi wa Msimbati na hawajawahi kuamka alfajiri kusukuma mtumbwi majini. Mvuvi atakuonyesha ulafi, ujanja, wivu na ushirikina ambao wewe wa ukumbini huwezi kuubuni, na atakuonyesha pia jinsi anavyogawa samaki wa kwanza kwa mjane ambaye si ndugu yake. Ukivikosa hivyo viwili pamoja, humjui, na usimcheke.

Oktoba minada itafunguliwa. Nawaomba kila mmoja wenu achague kituo kimoja cha AMCOS, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu, popote alipo na mjomba wa kumlaza. Mwende mkabebe magunia na wabebaji. Mkae na karani mpaka jua lizame. Tazameni mizani inavyosomwa, nani anarukwa kwenye foleni na nani anarukishwa, mkulima anayechanganya korosho mbovu chini ya gunia, gari linalosubiri nyuma ya ghala likiwa limezima taa. Andikeni yote, la karani na la mkulima, msimwonee aibu yeyote. Kabla ya kuchapisha, mrudi mkamsomee karani aliyewapa kiti. Akisema mmemzulia, sikilizeni na mhakiki upya. Akicheka huku amekunja uso, chapisheni.

Nimesema vya kutosha. Mzee wangu pale mstari wa mbele ameinua mkono tangu nilipoitaja kangomba. Mpeni kipaza sauti. Karibu, mzee.